Gadi ya uvunguni kwa gari la porini Mtwara na Lindi: kiasi gani kinakutosha?

Mwenye gari la juu huku Kusini hakosi washauri. Mmoja atakuambia bila gadi, yaani bamba la chuma chini ya injini, usithubutu kwenda Liwale. Mwingine atasema chuma ni mzigo wa bure, gari limetoka kiwandani limekamilika. Kila mmoja anasema kweli ya njia anayopita yeye, na ndiyo maana ushauri wa jirani unaweza kukutia hasara ingawa amekupa kwa nia njema. Njia ya Msimbati si njia ya Ruangwa, na anayeshinda kati ya Mikindani na Mtwara mjini hana shida moja na anayepeleka dawa kwenye zahanati za ndani ya Nachingwea.

Hapa nalinganisha chaguo tatu: kubaki na kinga za kiwandani, kufunga gadi ya mbele peke yake, na kufunika uvungu mzima. Baada ya hapo nitagusa suala la chuma au alumini, maana watu wengi hukwama hapo hata wakishajua wanataka kufunika wapi.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, kuanzia Tandahimba hadi Newala, ni mchanga. Mchanga wenyewe hautoboi sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kinachosumbua ni mapito ya Fuso msimu wa korosho: matairi yanachimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati, na gari dogo linapoingia humo tumbo linalala juu ya mgongo. Kwenye mgongo huo ndipo mizizi na visiki hujificha. Ukishuka mabondeni, kama bonde la Mbwemkuru, udongo unanata mvua ikinyesha, na mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Pwani ya Kilwa na Mikindani utakuta mawe ya matumbawe yenye ncha kali. Kwenye mteremko wa Newala, upande wa Shimo la Mungu, kuna mawe na makorongo ya kweli.

La pili ni gari lenyewe. Land Cruiser mkonga, Hilux na Prado zina chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, na gadi hupata mahali imara pa kushika. RAV4, Harrier na X-Trail hazina chesi ya aina hiyo. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sehemu za kufungia ni chache na kimo chenyewe ni kifupi.

La tatu ni mzigo. Gari lililopita salama likiwa tupu linaweza kukwaruza mahali palepale likibeba magunia, kwa sababu springi zimeshuka. Ukipima kimo cha uvungu, pima likiwa limebeba unachobeba siku zote.

La nne, ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote, ni umbali kutoka kwa msaada. Sampo ikitoboka kilomita 3 kutoka Masasi mjini ni usumbufu wa nusu siku. Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale ina zaidi ya kilomita 200, na sampo ikitoboka katikati yake mgonjwa uliyembeba hafiki.

Mengine mawili ni mepesi kutaja lakini yanauma baadaye: fundi atafanyaje kazi chini ya gari lililofunikwa, na chumvi ya bahari itafanya nini kwenye chuma hicho.

Uvungu unasema wenyewe

Kabla ya kutoa hela, lipandishe gari kwenye shimo la gereji, chukua tochi, ushuke. Kila gari lililotembea huku mwaka mmoja lina alama, na alama zinasomeka. Chuma kilichong'aa kwa mistari myembamba kutoka mbele kwenda nyuma kimesuguliwa na mchanga na nyasi, na hicho hakihitaji gadi. Kubonyea kwa duara, kukiwa na rangi iliyopasuka pembeni, ni pigo la jiwe lililorushwa na tairi au lililogongwa polepole. Mchubuko mpana wenye nyuzi za mti au maganda yaliyokauka ni kisiki. Tope gumu lililoganda juu ya bamba linaonyesha kwamba gari lililala kwenye mgongo wa katikati na likaburuzwa.

Niliwahi kumsikia mzee mmoja gereji akisema, "Fundi, niwekee chuma chote, kuanzia mbele mpaka nyuma." Fundi akamjibu, "Sawa mzee wangu, ila shuka kwanza tuangalie." Waliposhuka wakakuta sampo haina hata mchubuko. Kilichopigwa ni kishikio cha shokapu ya nyuma na bomba la ekzosi, sehemu ambazo gadi ya mbele isingezigusa kabisa. Mzee akafungiwa kipande kidogo cha kulinda kishikio, akainua ekzosi, akaondoka na hela yake nyingi mfukoni. Huyo ndiye fundi wa kumtafuta.

Chaguo la kwanza: kinga za kiwandani

Inakinga nini. Magari mengi ya chesi huja na bati jembamba la chuma mbele chini ya rejeta na sampo, na baadhi huongezewa kipande cha kulinda transfa (inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) na kingine cha tangi. Magari madogo mara nyingi huja na plastiki tu. Plastiki hiyo haizuii jiwe, lakini ina kazi: inazuia maji na vumbi visirukie mikanda na alteneta. Wengi wanaing'oa ikilegea na hawairudishi. Irudishe.

Uzito. Hauongezi chochote, na hilo si dogo kwa anayebeba mzigo.

Kwa fundi. Nati ya kumwagia oili inafikika kirahisi, au kuna tundu lililotengenezwa kwa ajili yake.

Kutu. Bati la kiwandani ni jembamba, na likianza kuliwa na chumvi linatoboka haraka. Ukikaa pwani, likague kila unapomwaga oili.

Inamfaa anayetembea zaidi kwenye lami ya Mtwara, Lindi, Mingoyo na Masasi, na akiingia vumbini anakwenda polepole bila mzigo mkubwa. Akumbuke tu kwamba lami nayo hukatika. Mei 2024, kwa mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na waliokuwa safarini walikwama njiani. Hata hivyo, kinachohitajika siku kama hiyo ni subira na njia mbadala, na gadi haiwezi kuvuka daraja lililoondoka.

Chaguo la pili: gadi ya mbele

Hii ndiyo wengi wanaimaanisha wakisema "gadi": bamba nene linaloanzia chini ya bampa, linapita chini ya rejeta, stelingi na sampo, na kuishia mwanzo wa giaboksi.

Inakinga nini. Inalinda sehemu inayofika kwanza kwenye kila kitu. Ukiingia kalavati lililoliwa na maji, au ukikutana na kisiki ndani ya nyasi, pua ndiyo inayopiga kwanza. Sampo ikitoboka oili inaisha ndani ya dakika chache, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili inakufa. Kwa hiyo ukipima kilichookolewa kwa kila kilo ya chuma, hakuna sehemu nyingine ya uvungu inayofikia hii.

Hailindi transfa, tangi wala difu ya nyuma (ile inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma). Aliyefunga gadi ya mbele na kuamini sasa gari limekingwa lote anaweza kuongeza mwendo mahali ambapo zamani angepunguza, na pigo likaenda kumalizikia kwenye tangi.

Uzito. Hesabu ni rahisi. Bamba la chuma la mita moja ya mraba, lenye unene wa milimita 3, lina uzito wa kilo 23 na nusu hivi. La milimita 4 linafika kilo 31. Gadi ya mbele ya gari nyingi haifiki mita ya mraba. Chukua sentimita 80 kwa 70: kwa milimita 4 ni kilo 17 au 18, bila boliti na vishikio. Springi za mbele zinaubeba bila kulalamika.

Kwa fundi. Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya hutengana, na hapa ndipo nakuomba usione aibu kusimamia. Tundu la nati ya oili likatwe sawasawa na nati, pamoja na nafasi ya kutolea filta kama iko chini. Tundu lisipokuwepo, bwana wa gereji atachoka kufungua bamba zima kila huduma, na siku moja atarudisha boliti mbili kati ya sita. Vichwa vya boliti vizame ndani ya bamba au vilindwe na vipande vya chuma pembeni. Vikining'inia nje jiwe litavisaga, na siku ya kufungua utahitaji grenda. Bamba lishikwe kwenye chesi, kwenye matundu yaliyopo. Lisishikwe kwenye injini wala giaboksi, kwa sababu hizo zinacheza kwenye raba zake na bamba litatingisha au kupasua masikio yake. Na usikubali mtu achomelee chesi yenyewe kwa ajili ya gadi.

Kati ya bamba na sampo iachwe nafasi ya kutosha. Bamba lililogusana na sampo linapeleka pigo lote kwenye sampo. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu ili lipande juu ya kitu. Ukiachwa umenyooka unalima mchanga.

Kutu. Chuma cha kuchomelewa kwa fundi kipakwe rangi pande zote mbili, hasa upande wa juu usioonekana, maana ndiko mchanga wenye chumvi unakokaa. Ukitoka Msimbati, mwagia maji baridi uvunguni kabla ya kulaza gari.

Inamfaa bwana shamba, mnunuzi wa korosho, mwalimu anayekwenda vijiji vya ndani vya Tandahimba au Ruangwa, na yeyote anayepita mapito ya Fuso mara kwa mara ila hakai mbali sana na gereji. Mwenye RAV4 au Harrier naye anaweza kuifunga, kwa sharti kwamba ishikwe kwenye fremu ndogo ya mbele na isishushe kimo kilichobaki. Kama italishusha gari kwa sentimita 3, heri abaki na plastiki yake na kupita polepole.

Chaguo la tatu: uvungu mzima

Inakinga nini. Mabamba matatu au manne yanafuatana: injini, giaboksi, transfa, na moja la tangi. Yakipangwa vizuri, ukingo wa la mbele ukipita kidogo chini ya la nyuma yake, gari linateleza juu ya mgongo wa katikati au kisiki bila kitu cha kunasa. Kwa anayeingia kwenye njia ambazo mtu hupita mara moja kwa mwezi, hii ni tofauti kati ya kurudi na kulala porini. Fikiria njia za kwenda Tendaguru, kilima ambacho Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Au njia za pori la akiba la Selous upande wa Liwale. Huko nyasi zinafunika visiki, na dereva hawezi kuona kinachokuja.

Uzito. Jumla ya mita 2 za mraba za chuma cha milimita 4 ni kilo 63 hivi, zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50, na bado hujaweka vishikio. Kilo hizo unazibeba kila siku, hata ukienda sokoni. Ukiongeza tairi la akiba la pili, madumu ya mafuta na abiria, unaweza kuwa umelishusha gari kiasi cha kula sehemu ya kimo ulichokuwa unakilinda.

Kwa fundi. Kila kazi ya giaboksi, transfa au propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) inaanza kwa kufungua mabamba. Kwa gari la otomatiki liulizie suala la joto: giaboksi iliyozibwa chini bila matundu ya hewa inapoa kwa shida, hasa kwenye mchanga mzito ambako inafanya kazi kupita kiasi kwa mwendo mdogo.

Lipo na la moto, na naomba lisichukuliwe kama nyongeza. Kuanzia Julai mpaka Oktoba nyasi za huku zimekauka. Mabamba yanakusanya nyasi juu yake, karibu na ekzosi na masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), ambayo yanakuwa ya moto sana. Gari linaweza kushika moto. Mwenye uvungu mzima asimame mara kwa mara akiwa porini, ainame, achomoe nyasi kwa waya au kijiti kirefu, awe na kizimamoto ndani ya gari. Msimu wa mvua kinachokusanyika ni tope. Likikauka linaongeza uzito na kuficha oili inayovuja, kwa hiyo dereva haoni dalili mpaka imechelewa.

Kutu. Yale yale ya gadi ya mbele, ila mara tatu, kwa kuwa sehemu zilizofichika ni nyingi.

Inamfaa gari la zahanati, la doria, la utafiti au la kupeleka wageni, linalokaa mbali na msaada na kupita pasipo na njia. Linamfaa pia mwenye tabia ya kufuata ratiba ya usafi. Asiyekuwa nayo atapata madhara zaidi ya faida.

Chuma au alumini?

Alumini ni nyepesi: mita ya mraba ya milimita 6 ina kilo 16 tu, nusu ya chuma cha milimita 4. Haipati kutu nyekundu. Lakini ni laini, kwa hiyo jiwe la matumbawe linaichimba na kunasa, wakati chuma huteleza. Ikikutana na boliti za chuma kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa pale zinapogusana, kwa hiyo inahitaji washa za plastiki na grisi. Na ikipasuka, kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Chuma kilichopinda unaweza kukinyoosha kwa nyundo na jeki, na fundi mwenye mashine ya kawaida na jenereta anakichomelea Nachingwea au Liwale siku hiyohiyo. Kwa gari linalotembea mchangani na kubeba mzigo mzito, alumini ina haki yake. Kwa gari linalokwenda mbali na mjini, mimi ningechukua chuma kwa sababu ya huyo fundi mwenye jenereta.

Visivyokingwa na bamba lolote

Difu ya nyuma ya Hilux au mkonga iko kwenye ekseli, na ndiyo sehemu ya chini kuliko zote nyuma. Kuinua springi hakuipandishi hata kidogo. Kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi peke yake. Dawa yake ni dereva: tairi lipite juu ya jiwe, jiwe lisipite katikati. Vyuma vya ubavuni, vile vinavyofungwa kwenye chesi chini ya milango, vina maana kwa makorongo ya Newala na sehemu ambazo gari linalala upande. Kwa mchanga vinaongeza kilo tu. Usivichanganye na ngazi za kupandia, ambazo hupinda kwa kisiki cha kwanza na kubana mlango.

Kwa hali yako

Unaishi mjini na unakwenda Msimbati wikiendi: baki na za kiwandani, punguza upepo wa matairi ukifika mchangani, osha uvungu ukirudi.

Unazunguka vijiji vya korosho kuanzia Oktoba, gari lina chesi: gadi ya mbele ya chuma, milimita 3 hadi 4, yenye tundu la oili. Tengeneza kabla ya mvua, kwa sababu baada ya Desemba mafundi wana foleni na wewe tayari uko njiani.

Unabeba mzigo mzito kila siku: gadi ya mbele, na hela iliyobaki iende kwenye springi. Gari lililosimama kwenye kimo chake linapigwa mara chache zaidi.

Unapeleka watu au dawa Liwale na ndani zaidi, masika na kiangazi: uvungu mzima, au angalau mbele na tangi, pamoja na utaratibu wa kuufungua na kuusafisha kila huduma ya oili.

Una gari dogo lisilo na chesi na kazi inakulazimisha vumbini kila wiki: kabla ya kuagiza bamba, uliza bei ya kulibadilisha gari. Wakati mwingine jibu lipo huko.

Umenunua gari lililotumika ambalo tayari lina gadi: ifungue yote kabla ya safari ya kwanza. Angalia sampo kama ina ufa uliozibwa kwa gundi, angalia chesi kama imechomelewa, hesabu boliti, kisha ndipo uirudishe.